Rula ya Chuma

Kajetan, umekuja na kompyuta yenye stika saba
na swali moja lililokunyima usingizi:
nisomee nini kisichooza kabla sijahitimu?
Kaa. Kunywa kwanza.
Supu ya hapa hupoa upesi, ingawa si upesi kama fani yetu.

Mimi nilianza na rula.
Rula ya chuma, sentimita thelathini,
enzi gazeti la asubuhi hapa Łódź likiuza nafasi
kama viwanda vya mji huu vilivyouza kitambaa, kwa kipimo.
Akaja mjane na tangazo la kifo cha mumewe.
Nilimpimia, nikamwambia: ukiondoa neno "mpendwa"
utaokoa mstari mzima.
Akaondoa cheo cha marehemu. Akaondoa anwani.
"Mpendwa" akaliacha.
Siku hiyo nilifundishwa kazi.
Baada ya hapo nimefundishwa vifaa tu.

Na vifaa vimepita mikononi mwangu kama wapangaji.
Mabango ya kumetameta juu ya kurasa:
tukahesabu macho, na macho hayakuwepo.
Tukahesabu mibofyo,
nusu yake vidole vya watoto vilivyoteleza.
Nikakesha mnadani nikigombea neno "viatu",
neno tupu, halina soli wala kamba.
Ikaja video ya kusimama wima, sekunde tatu,
usipomkamata mtu kwa tatu amekwenda zake.
Sasa mashine inatema vichwa vya habari mia
kabla sijapuliza kijiko,
na themanini kati yake si vibaya.
Hilo ndilo linaloniudhi.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda;
nami nimefungwa bendeji nyingi.

Tazama dirishani, ule ukuta.
Mguu wa buluu, ghorofa nne kwenda juu: tangazo la soksi.
Kiwanda kilifungwa kabla hujazaliwa,
soksi zenyewe zimekwisha kuwa matambara,
na wiki hii manispaa imeleta ngazi, inaupaka mguu upya.
Watu wanapiga picha. Hakuna cha kununua.
Usiniulize maana yake.
Nimeutazama miaka mingi, kila mara unasema jingine.

Ushauri? Haya, bila mpangilio.
Ujue kuandika ankara kabla ya kaulimbiu.
Majina ya wateja yaandike kwenye daftari lako mwenyewe;
anayejenga juu ya ukurasa wa mwingine ni mpangaji,
na mwenye nyumba hubadili kufuli usiku.
Mwenye duka akilia kwamba viatu haviuziki,
usikimbilie kamera. Vivae.
Tembea navyo hadi stesheni ya reli, urudi,
kisha umwambie ni wapi vimekuchubua.
Na uongo wa kwanza ukatae hata kwa malipo mazuri,
maana wa pili haubishi hodi.

Wala usidhani nasema haya kutoka kileleni.
Ijumaa walinipa boksi.
Miaka thelathini na minne ikaenea ndani ya boksi la karatasi za printa,
rula tu ndiyo ikachomoza.
Kwa hiyo Jumatatu wewe ndiwe mwalimu:
unionyeshe kushika simu wima
bila kumkata mtu kichwa.

Tuna mteja mmoja tayari.
Bi Halszka, fundi wa miavuli, mlango wa chini ya ngazi, ua wa pili.
Nilimwendea jana na hesabu zangu:
kwa pesa kidogo, nikamwambia, utaonwa na watu laki moja.
Akaendelea kupinda waya, koleo mkononi.
"Laki moja nitawaweka wapi?
Niletee kumi na mmoja
wenye miavuli mibovu,
wanaokaa karibu."

Nimelifikiria usiku kucha, Kajetan.
Maliza supu.
Mvua inakuja, twende tukawatafute.